Kufungua Mizinga Baada ya Masika: Hesabu ya Majuma Sita

Kitabu cha kwanza cha ufugaji nyuki nilichokisoma kiliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, na ndani yake mwaka wa mfugaji ulianza mwezi Aprili, theluji ikishayeyuka na miti ikianza kuchipua, wakati mfugaji anapofungua mizinga kwa mara ya kwanza ili aone kundi limevukaje baridi. Wakati huo nilikuwa na mizinga mitatu tu, imetundikwa kwa waya chini ya miembe mikongwe, pembezoni mwa mikoko ya Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga. Ilipofika Aprili nami nikafungua.

Aprili kwetu ni masika. Nilisubiri mwanya kati ya manyunyu mawili, nikainua viunzi, vile vijiti vya juu ambavyo nyuki huning'iniza masega yao, kimoja baada ya kingine kama kitabu kilivyoelekeza, majana, yaani mayai na watoto wa nyuki waliomo kwenye masega, yakapigwa na upepo wenye unyevu kwa karibu nusu saa, na asali niliyoikuta haikuzidi upana wa viganja viwili. Siku ya nne baadaye mzinga ule ulikuwa mtupu. Walikuwa wamehama wote, malkia akiwa pamoja nao, wakaacha masega makavu ambayo nondo wa nta waliyageuza kuwa utando na vumbi kabla mwezi haujaisha.

Nilimweleza babu mmoja wa kijijini ambaye amerina asali tangu enzi za mizinga ya magogo. Aliitikia shikamoo yangu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Mwembe umeshachanua, mjukuu wangu?” Nikamjibu kwamba bado. “Sasa ulikwenda kuwafungulia nini? Wamekaa na njaa yao humo ndani, wewe unakwenda kuwahesabia akiba.”

Nimechukua misimu kadhaa kulielewa swali lake kwa ukamilifu. Nyuki wa Ulaya hana pa kwenda wakati wa baridi. Akitoka atakufa, kwa hiyo huvumilia mzinga wake hata mfugaji akimkera. Nyuki wetu wa pwani, ambaye wataalamu humwita Apis mellifera litorea, amezaliwa katika nchi ambayo maua hayakosekani mahali fulani, na kwake kuhama ni uamuzi wa kawaida kabisa. Mvua kubwa ya Aprili na Mei humzuia kuruka, huosha mbochi, yaani maji matamu ya maua, na humlazimisha kula akiba, huku malkia akipunguza kutaga kwa sababu chavua haiingii. Kundi lililo katika hali hiyo huhitaji sababu ndogo tu ili liondoke. Kwa hiyo masika ndiyo majira yetu ya baridi, na majira ya kuchipua yanayosimuliwa vitabuni huja kwetu mwezi Juni, mvua zinapokatika na upepo wa kusi ukiwa umetulia kwenye mwendo wake.

Hapa ndipo hesabu inapoanza, nami naiona kuwa na thamani kuliko kifaa chochote ninachomiliki. Yai la nyuki kibarua huchukua takriban siku 20 tangu kutagwa hadi nyuki kutoboa kifuniko na kutoka, na akishatoka hutumia majuma mengine mawili au matatu ndani ya mzinga, akisafisha vyumba, akilisha majana na kujenga masega, kabla ya kuanza safari za shambani. Jumla inakaribia majuma 6. Nyuki watakaoleta mbochi ya miembe na mikorosho mwishoni mwa Julai ni wale ambao mayai yao yametagwa katikati ya Juni. Anayesubiri kuona maua ndipo aanze kulishughulikia kundi dhaifu atapata nyuki wengi maua yakiwa yameshapukutika, na nyuki hao wapya wataila asali ambayo yeye alitarajia kuivuna.

Ukaguzi wangu wa kwanza, basi, hufanyika katika juma la kwanza lenye siku tatu kavu mfululizo, kuanzia saa 11 jioni jua likiwa limepoa. Ndani ya bomba la moshi natia makumbi ya nazi yaliyokauka vizuri, ambayo huungua polepole na kutoa moshi mwingi usio mkali. Wanaotumia matambara yenye mafuta wanawasha hasira badala ya kuizima. Napuliza mara mbili au tatu mlangoni, nasubiri dakika chache, kisha nafungua kutokea upande ulio mbali na majana. Simtafuti malkia. Nikiona mayai yamesimama chini ya vyumba, moja kwa kila chumba, najua kwamba alikuwapo ndani ya siku tatu zilizopita, na hilo linanitosha. Natazama pia iwapo kuna chavua mpya pembeni mwa majana, kiasi gani cha asali kimebaki, na kama kuna masega meusi ya zamani ambayo kundi haliwezi kuyafunika, maana hayo ndiyo makazi ya nondo na mende wa mizinga. Masega hayo nayaondoa na kuyayeyusha nta. Kazi yote haizidi dakika 15 kwa mzinga mmoja.

Kundi lililobakiwa na asali kidogo nalipa maji ya sukari, kilo 1 ya sukari kwa lita 1 ya maji, katika chupa yenye matundu madogo kwenye kifuniko, iliyopinduliwa ndani ya mzinga wenyewe. Natia jioni giza likiingia, kwa sababu harufu ya sukari mchana huwaita nyuki wezi kutoka mizinga ya jirani na vita vyake haviamuliki. Mwembe wa kwanza ukionyesha vichala vya maua, naacha kabisa kuwalisha. Sitaki sukari ya dukani ijazwe kwenye masega kisha niiuze kwa jina la asali.

Siafu nao huhangaika sana baada ya mvua, na majani yaliyorefuka wakati wa masika huwajengea daraja. Nafyeka chini ya kila mzinga na kupaka grisi mpya kwenye waya.

Kuanzia Julai tatizo hugeuka. Kundi lililokuwa na njaa sasa linakosa nafasi, na lisipopata nafasi litagawanyika, malkia wa zamani aondoke na nusu ya nyuki wakati ule ule maua yanapofunguka. Dalili yake ni seli za malkia zinazoning'inia ukingoni mwa masega, zenye umbo la karanga isiyobanjwa. Malkia hukamilika kwa siku 15 au 16 tangu yai, na kundi la kwanza kwa kawaida huondoka seli zinapoanza kufunikwa, yaani karibu siku ya nane, kwa hiyo anayekagua mara moja kwa mwezi atakuta habari imekwisha. Hata hivyo nyuki wetu hawapendi kufunguliwa kila mara, na sijapata njia ya kuukwepa mvutano huo isipokuwa kuinua viunzi viwili vya pembeni tu kila juma. Vikiwa vimeshajengwa, naongeza vitupu karibu na eneo la majana, wala sivipachiki katikati yake, kwa maana majana yaliyotenganishwa hupoa. Viunzi viwe na upana wa milimita 32. Fundi akikutengenezea vya 35, kipimo cha nyuki wa Ulaya, utakuta masega yamejengwa kwa mshazari na hutainua kimoja bila kuvunja kingine.

Seli zikishaonekana, sizivunji. Nachukua masega mawili yenye seli na majana pamoja na nyuki waliomo, nahakikisha malkia wa zamani hayumo, na kuyapeleka kwenye mzinga mtupu umbali wa kilomita 3 au zaidi, ili nyuki wa shambani wasirudi walikotoka. Mizinga mingine mitupu naipaka nta ndani na kuisugua kwa mchaichai uliopondwa, ambao harufu yake inafanana na ile ambayo nyuki wenyewe huitoa wanapoitana.

Jirani yangu mwenye mikorosho, mama mtu mzima, hupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na baadaye dawa ya wadudu. Salfa hainitii hofu sana. Hiyo ya pili ndiyo iliyonipeleka kwake kubisha hodi, nikamwomba aipulize jioni nyuki wakisharudi na anitumie ujumbe siku moja kabla. Alikubali kwa sharti la chupa moja ya asali kila msimu, na sijawahi kufanya biashara yenye faida kuliko hiyo.

Leo nimepita kukagua. Mizinga minne kati ya mitano ina majana yaliyofunikwa kwenye masega matano au zaidi, na mwembe ulio karibu na kisima umetoa vichala upande wa mashariki. Mzinga wa tano ni ule uliohamwa mwaka ule wa kitabu. Nimeusugua mchaichai, na jioni hii nyuki saba au wanane walikuwa wakiingia na kutoka mlangoni pake bila kubeba kitu, wakiupima.