Niliugua Kars, jasho halikunisaidia

Yule aliyenihakikishia kwamba homa ya safarini hutolewa kwa jasho, tukionana atanieleza vizuri.

Nilipanda treni Ankara kwenda Kars, mashariki kabisa mwa Uturuki, mwezi Januari. Safari yenyewe inapita saa 24. Koo likaanza kuwasha njiani, nikajidanganya ni vumbi. Vumbi gani, na nje theluji tupu! Kars iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Januari baridi yake huweza kupita nyuzi 20 chini ya sifuri.

Usiku ule nikaufuata ushauri neno kwa neno: suruali mbili, sweta tatu, jaketi, kofia, blanketi mbili, kitanda nimekisogeza kwenye hita. Jasho lilikuja kweli, la kuchuruzika. Homa nayo ikazidi kupanda. Saa nane usiku kiu ikanikaba, nikainuka ghafla kutafuta maji, kizunguzungu kikanibwaga pamoja na kiti. Kwa wingi wa nguo sikuumia popote, lakini kuinuka pia sikuweza. Nikabaki chali kama kobe aliyepinduliwa.

Kishindo kikamleta bibi mwenye nyumba ya wageni. Kwa mazoea nikamwamkia, "Shikamoo." Naye kwa mshangao: "Merhaba?" Najua kwao ni salamu tu, ila kwa homa ile niliona nimeitikiwa kabisa.

Akanivua sweta moja baada ya nyingine huku akinung'unika, akaninywesha maji kidogo kidogo, kisha chai ya maua waitayo ıhlamur. Kila mara "geçmiş olsun", pole yao, yaani iwe imepita. Kulipokucha akanihamishia sebuleni kando ya soba, jiko lao la chuma, akamwambia kila aliyeingia kwamba mimi ni misafir. Kwetu msafiri ni aliye njiani. Wao neno lilelile la Kiarabu wamempa mgeni aliyekwisha fika.

Ilikuwa Jumapili, maduka ya dawa yamefungwa. Hapo nijisifu: nilikuwa najua kwamba duka lililofungwa hubandika mlangoni jina la lile lililo zamu, nöbetçi. Mjukuu wa bibi akaenda kusoma, akalipata. Nilikuwa nimemwandikia "parasetamol", si jina la kibiashara, na wao huiandika hivyohivyo. Lira alizotumia hazikufika hata bei ya mlo. Namba ya dharura, 112, niliiweka tayari, kama kifua kingebana.

Siku ya nne bibi akapika bata bukini, kitoweo cha Kars cha majira ya baridi, kilichonifanya nichague mji huo tangu mwanzo. Pua ilikuwa imeziba kabisa. Nikala sahani mbili bila kuonja chochote, nikisifu kila tonge.