Nahodha Akionyesha Milingoti

Shemeji yangu ana msimamo mmoja kuhusu raga na hauyumbi: penalti ni kazi ya wahasibu. Wapinzani wakifanya kosa, jamaa anasimamisha mpira, anarudi nyuma, anavuta pumzi, anatazama milingoti kama anayeipimia mapazia, halafu anapiga. Pointi tatu. "Trai ndiyo raga, shem," ananiambia, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani. "Hayo mengine ni kutupotezea muda." Leo mchana tumebishana tena hadi chai ikapoa, na kwa kuwa yeye husema kwa sauti kubwa kuliko mimi, nimeamua kumjibu huku ambako hawezi kunikata kauli.

Namwelewa kwa sehemu. Wakenya wengi tumelelewa na raga ya wachezaji saba kila upande, na huko penalti ya kupiga golini hata huioni. Kipindi ni dakika saba, nani ana muda wa kusimamisha mpira? Unaanzisha haraka, unakimbia. Aprili 2016, Shujaa, timu yetu ya wachezaji saba, walipoilaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore, raha yote ilikuwa ya miguu na pasi. Mtu aliyezoea kumwona mfungaji wa Shujaa, Collins Injera, akiambaa pembeni ya uwanja, mpira kwapani na mabeki wakimfuata kwa macho tu, ukimpa mechi ya wachezaji 15 kila upande yenye penalti sita atakuuliza ubaya gani alikutendea.

Na zipo mechi za kumpa haki. Fainali ya Kombe la Dunia ya 2007, Afrika Kusini 15, Uingereza 6, yote kwa penalti. Mark Cueto wa Uingereza alitua na mpira pembeni, tukasubiri, marudio yakaonyesha mguu wake umegusa mstari wa pembeni, trai ikakataliwa, basi. Sina hamu ya kuitazama tena ile mechi.

Lakini shemeji anapotaka kunimaliza hunitajia Japani, na hapo ndipo ninapomshika. Septemba 2015, mjini Brighton. Japani walikuwa wameshinda mechi moja tu katika historia yao yote ya Kombe la Dunia, dhidi ya Zimbabwe mwaka 1991. Sasa wako na Afrika Kusini, mabingwa mara mbili, wako nyuma 32-29, muda umekwisha, na refa anawapa penalti karibu kabisa na mstari. Piga, upate sare, urudi nyumbani shujaa. Kocha wao, Eddie Jones, alitaka ipigwe. Nahodha Michael Leitch akakataa. Akaomba skramu, ile ya washambuliaji wa pande mbili kufungamana na kusukumana kugombea mpira. Mpira ukapelekwa kulia, ukarudishwa kushoto mkono kwa mkono, Karne Hesketh akajitupa kwenye kona. 34-32.

"Unaona?" husema shemeji. "Trai!"

Naona, ndiyo. Naona pia kwamba Afrika Kusini walifunga trai nne siku hiyo na Japani tatu. Kilichowaweka Wajapani karibu hadi dakika ile ni penalti tano za Ayumu Goromaru, yule wa kuinama kidogo na kukutanisha vidole mbele ya kifua kabla ya kupiga, mpaka watoto wakawa wanamwiga. Pointi 15 za mhasibu. Bila hizo Leitch angekuwa anaomba skramu ya nini?

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko hesabu hiyo. Tulisimama kwenye viti kabla Hesketh hajaushika mpira. Tulisimama pale Leitch alipokataa milingoti. Zile pointi tatu zilikuwa mezani, za uhakika karibu, naye akaziacha. Ukiifuta penalti kwenye kanuni, trai ile inabaki nzuri, lakini ushujaa wake unapungua nusu, maana hakuna kilichotolewa sadaka. Katika mechi nzima ya raga mimi hupenda kuliko yote sekunde zile chache nahodha anapozungumza na refa, na uwanja mzima unatazama mkono wake: milingotini kutafuta pointi tatu, au mpira upigwe nje karibu na kona ili kutafuta trai?

Fainali ya 2023 ilinizidishia imani hii. Saa nne usiku kwa saa zetu, Afrika Kusini na New Zealand, karibu na jiji la Paris. Trai ilikuwa moja tu, na aliyeifunga, Beauden Barrett, alikuwa upande ulioshindwa. Handré Pollard, ambaye hata hakuwa kwenye kikosi kilichotajwa mwanzoni mwa mashindano, alipiga penalti nne: 12-11. Dakika za mwisho Jordie Barrett akapata penalti ya mbali ya kuwaweka New Zealand mbele. Wakati huo Cheslin Kolbe wa Afrika Kusini alikuwa ametolewa nje kwa muda kwa kadi ya njano, amekaa kitini, amejifunika uso kwa jezi asione. Mpira ukapita kando. Mtu akiniambia mechi ile ilikosa burudani kwa sababu ya uhaba wa trai, sina la kumwambia.

Shemeji ana dawa yake: penalti ipunguzwe iwe pointi mbili. Si wazo geni, mashindano ya vyuo vikuu kule Afrika Kusini yamewahi kulijaribu. Tatizo ni mabeki. Mlinzi aliyebanwa mita tano kutoka mstarini hufanya hesabu: nikilala juu ya huu mpira, ambalo ni kosa la penalti, tutapoteza kiasi gani? Ukimshushia faini, atalala kila mara, na trai ulizotaka ziongezeke zitafia chini ya rundo la watu. Thamani ya trai yenyewe imekuwa ikipanda, kutoka pointi tatu hadi nne mwaka 1971, kisha tano mwaka 1992, na naona hapo pameshakaa sawa. Kama kuchelewa ndiko kunakomuudhi, tangu 2023 mpigaji ana sekunde 60 tu, saa ikionekana.

Nimemtumia haya yote kwa simu. Amejibu kwa video ya Injera.