Terezín, Mauti Alipogoma

Basi la Terezín huondokea Holešovice, kaskazini mwa Prague, mji mkuu wa Cheki. Ni mwendo wa saa moja hivi, kilomita kama 60, mashamba kulia na kushoto. Abiria wengi walishukia Ngome Ndogo, penye gereza na makaburi. Mimi na mwenzangu, Mluteri wa Moshi aliyekulia kwaya, tulisonga hadi mjini. Kilichotuleta ni opera.

Inaitwa Der Kaiser von Atlantis. Viktor Ullmann aliitunga humu humu, Wanazi walipokuwa wameugeuza mji huu wa ngome kuwa geto, yaani mahali pa kuwafungia Wayahudi; maneno ni ya Petr Kien, kijana ambaye hata miaka 26 hakuifikisha. Kaisari anatangaza vita vya kila mtu dhidi ya kila mtu. Mauti, ambaye humo ni askari mstaafu, anaona kavunjiwa heshima. Anagoma. Watu wanapigwa risasi, wananyongwa, hawafi. Sasa mtawala ambaye mtaji wake wote ni kuua atamtisha nani? Mwishowe Mauti anakubali kurudi kazini, ila kwa sharti: Kaisari atangulie.

Mazoezi yalifanyika mwaka 1944, lakini geto halikuwahi kuiona. Oktoba mwaka huo Ullmann na Kien walisafirishwa kwenda kambi ya mauaji ya Auschwitz, wasirudi. Nakala ziliokolewa na wafungwa wenzao, na opera ikapanda jukwaani Amsterdam mwaka 1975.

Kilichonichoma zaidi, tukizunguka makumbusho ya Magdeburg, kambi ya zamani ya askari humu mjini, ni kwamba Terezín hapakukosa maonyesho. Brundibár, opera ya watoto, ilichezwa mara 55. Tarehe 23 Juni 1944 wajumbe wa Msalaba Mwekundu walipotembezwa mjini, nayo walionyeshwa. Kuimba kuliruhusiwa, hasa wageni wakiwapo. Watoto wale wengi waliishia Auschwitz.

Kutoka hapo tulikwenda mtaa wa Dlouhá. Unapita uani mwa nyumba ya kawaida, unaingia kijichumba cha dari la kuba ambamo wafungwa walisali. Nyota zimechorwa darini. Kutani kuna mistari ya Kiebrania, rangi imefifia kwa chini kwani mafuriko ya mwaka 2002 yalifika humu. Mmoja unamwambia Mungu kwamba pamoja na yote haya jina lake hawajalisahau, na yeye asiwasahau.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

“Kaka, hawa walisali,” akasema. “Ullmann wako alikuwa anamkejeli Hitler, basi.”

Kweli, Ullmann alilelewa Mkatoliki. Uyahudi alibandikwa kwa sababu ya ukoo wake. Lakini nikamwekea wimbo wa mwisho kwenye simu. Mistari miwili tu, akaanza kuufuata kwa sauti ya pili: tuni ni ile ya Luther, ya Mungu aliye ngome. Maneno ndiyo tofauti. Yanamkaribisha Mauti kama mgeni wa heshima, yanaonya jina lake kuu lisitajwe bure.

“Wameiharibu amri ya Mungu,” akasema.

“Au wameitumia pale pekee ilipobaki na maana. Jina la nani lilikuwa linachezewa kila siku humu?”

Hakukubali. Basi la saa kumi tuliliacha liende, tukaketi kituoni tukibishana.