Inategemea msimu

Jumanne lilikuwa bamvua kubwa, maji yamekupwa mpaka karibu na mwamba, nikaambiwa niwatembeze wageni wawili kwenye mashamba ya mwani. Mnajua mimi ni wa mapokezi hotelini, lakini mtembezaji wetu alikuwa kwenye msitu wa Jozani na kundi jingine wakitazama kima punju. Basi nikavua viatu.

Mama mdogo alikuwa ameinama kwenye mistari yake. Nikaanza maelezo: kilimo hiki kilianza huku kwetu Unguja, Jambiani na Paje, mwaka 1989, mbegu hufungwa kwenye kamba, kamba kwenye vijiti vilivyopigwa mchangani, na baada ya wiki sita hivi unavuna. Nikaeleza na mwani aina ya cottonii, ule wenye bei, jinsi ulivyoshindwa na maji moto ya siku hizi tukabaki na aina ya spinosum. Yeye anafunga tu. Nilipomaliza akainuka, mkono kiunoni, akaniuliza kama vile wageni hawapo:

"Mwanangu, chumba kimoja hapo kwenu, usiku mmoja, ni kilo ngapi za mwani?"

"Inategemea msimu, mama."

Inategemea msimu! Hilo ndilo jibu ninalompa mtu anayepiga simu kutoka Milano. Na kwa sauti ile ile, nadhani hata na tabasamu. Akacheka kidogo. "Na sisi vilevile," akainama tena.

Wiki hii posa ya dada imekubaliwa, meneja mpya ameripoti, jenereta limezima katikati ya harusi ya watu. Mimi nipo kaunta napiga hesabu. Kilo kavu lakini, maana mbichi ni maji matupu. Nikachukua chumba cha bustani, si cha baharini, hesabu ikatoka kwa magunia. Nikarudia kwa bei ya masika, wakati hata kunguru hawaji. Bado magunia. Alhamisi nipo Kizimkazi Dimbani, nawaonyesha wageni hao hao maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, msikitini, mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na kichwani nazidisha kilo.

Hesabu yenyewe si kitu. Kilichoniwasha ni kutojua kama aliuliza kwa uchungu au kwa utani. Sare zangu za skuli zilitoka kwenye mwani huo, nilishawaandikia. Ana haki ya uchungu.

Jana usiku mama mdogo akapiga simu. Nikakaa chini kabisa.

"Yule mgeni wako mwekundu hajambo? Mpe kanga ajifunike, mgongo ulikuwa unaiva, nimemwonea huruma."

Nikamwambia hajambo, kapakwa dawa.

"Na hesabu yangu?"

Nikamtajia magunia. Kimya. Nikasikia redio yake tu. Kisha:

"Kina vyoo vingapi?"

"Kimoja, mama."

"Magunia yote hayo, choo kimoja!" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na mimi huku nimeziba mdomo kwa shuka nisimwamshe bibi. Anataka aje kukiona. Sijui nitamwambiaje meneja mpya, ila atakiona.

Kingine: maji ya kisima chetu naona yameanza kuwa na chumvi. Bibi anakataa, anasema ni ulimi wangu, tena anakunywa kikombe kizima mbele yangu kunikomoa. Kesho nitachemsha chai bila sukari, nimpe na jirani aonje.