Nachora ngazi

Nikisema nafanya kazi kwenye ofisi kubwa ya usanifu majengo hapa Dar, swali linalofuata ni lilelile: jengo lako ni lipi? Mama mdogo aliniuliza hivyo tukiwa kwenye mwendokasi tunaingia Posta. Nikamuonyesha ghorofa moja ndefu, nikamwambia ngazi za mle ndani nimezichora mimi. Na vyoo. Na zile njia za wima zinazopitisha mabomba na nyaya kutoka chini hadi juu, ambazo sisi tunaziita dakti. Akasema, "Ngazi tu, mwanangu?"

Ngazi tu. Kwenye ofisi kubwa jengo hugawanywa. Wapo wa sura ya nje, wapo wa mambo ya ndani, wapo wanaohangaika na vibali vya halmashauri na Zimamoto, na tupo sisi wa kiini: lifti, ngazi, vyoo, dakti. Unaweza kukaa miaka kwenye kipande chako, ukakijua mpaka ukakiota usiku, na jengo zima usilijue. Nimekuja kuipenda sana kazi ya kiini, na hilo sisemi kwa kujifariji. Ila kuna jambo kuhusu mgawanyo huu linanikera.

Chukua dari la ukumbi mmoja wa ofisi. Kutoka sakafu hadi sakafu tuna milimita 3,630. Toa 50 za kumalizia sakafu. Mhandisi wa miundo anataka boriti yenye kimo cha 600, zege la sakafu ya juu likiwa ndani yake. Mhandisi wa viyoyozi anataka bomba la hewa la 350 lipite chini ya boriti hiyo. Imebaki 2,630. Mteja amesema wazi kwamba hataki dari chini ya 2,700, na hapo bado hujaweka taa, hujaweka mabomba ya maji ya kuzimia moto, wala dari lenyewe. Kikao cha namna hii huanza asubuhi kwa chai na kuisha mchana watu wamenuniana. Mwishowe mmoja anakubali kupanua bomba na kulipunguza kimo, mwingine anakubali tundu kwenye boriti, na dari la korido linashushwa ili la ofisi libaki juu.

Sasa, kwa nini bomba la hewa lilikuwa nene kiasi kile? Kwa sababu timu ya sura ya nje ilikwisha amua, miezi mingi nyuma, kwamba upande wa magharibi uwe kioo kitupu. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la mchana liko juu ya kichwa, kwa hiyo ukuta wa kaskazini au wa kusini unaukinga kwa kibaraza kifupi tu. Jua la saa kumi alasiri linakuja limelala, linaingia hadi mezani, na kibaraza hakilizuii. Lile joto lazima liondolewe na mashine. Mashine inataka hewa, hewa inataka bomba, bomba linataka nafasi, na nafasi inatafutwa darini na kwenye dakti yangu. Waliochora kioo hawakuwepo kwenye kikao cha dari. Walikuwa wameshahamia mradi mwingine.

Kila nikipita Kariakoo naliwazia hili. Soko lile lilifunguliwa mwaka 1975, kazi ya Beda Amuli, na mapaa yake ya zege yaliyo kama miavuli iliyopinduliwa yanatia kivuli, yanaacha hewa ipite na yanapokea mvua. Kivuli, hewa, maji na muundo viliamuliwa pamoja. Sidai kwamba mnara wa leo unaweza kubebwa na kichwa kimoja. Mifumo ni mingi mno. Ninachodai ni kwamba anayechora kipande aone kipande chake kinaangukia wapi.

Ngazi zangu nilizielewa saiti. Hesabu ya ofisini ni nzuri: 3,630 ni vidato 22 vya milimita 165 kila kimoja, na sehemu ya kukanyaga ni 300. Mguu wa mtu hukariri kimo cha vidato viwili vya kwanza, kisha unakwenda wenyewe bila macho. Kimoja kikitofautiana, mtu anajikwaa, na siku ya moto, gizani, anaanguka na walio nyuma wanamwangukia.

Siku moja fundi wa vigae, mzee wa makamo aliyezoea kuniita injinia kama anavyowaita wote wenye kofia nyeupe, alinisimamisha pale chini. "Dada injinia, hiki kidato cha kwanza kitakuwa kifupi." Nikapima. Timu ya ndani ilikuwa imebadilisha vigae vya ukumbi wa chini kuwa granaiti nene, sakafu imepanda kutoka 50 hadi 70, na kidato cha kwanza kingebaki 145. Mchoro wao ulikuwa sahihi. Wangu pia. Bahati nzuri ngazi zilikuwa bado zege tupu, tukaigawa tofauti ile ya milimita 20 kwenye vidato vyote 22, chini ya milimita moja kwa kila kimoja, na hakuna mguu utakaoigundua. Nilimshika mkono yule mzee kwa mikono miwili.

Vijana wanaotoka chuoni hawapati nafasi hiyo ya kujifunzia saiti. Ili usajiliwe na Bodi, ile inayosajili wasanifu majengo, lazima kwanza ufanye kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, uonyeshe umepitia hatua mbalimbali za mradi. Kwenye ofisi kubwa kijana anawekwa kwenye jedwali la milango, yaani orodha ya milango yote ya jengo, na kwa kuwa analijaza vizuri, anaachwa hapohapo. Anayefanya vizuri ndiye anayefungwa. Hilo linaniuma, na nimelisema mbele ya wakubwa bila kuzungusha: gharama ya kijana mmoja kukosekana mezani nusu siku haifiki gharama ya kubomoa kidato kimoja.

Wamekubali tujaribu. Kuanzia wiki ijayo wawili wa timu yangu watakuja nami kwenye kikao cha saiti, waje na mabuti na futi zao. Kabla ya kikao watapanda ngazi zote kwa miguu, lifti hatugusi, na kupima kila kidato.