Hata yai nalo unaliogesha?

Maneno manne tu. Jumanne jioni, nimechuchumaa pale kwenye karo la uani na beseni la maji, kipande cha sabuni na mayai 26 ya kuku wangu, mama mkwe kasimama mlangoni na kikombe cha chai, wifi nyuma yake, na jirani yetu wa kinu (mnamjua) kaja kuazima kinu kama kawaida yake. Mama akaangalia weee, kisha akasema, "Hata yai nalo unaliogesha?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, kile kicheko cha kufunika aibu, nikasema yana kinyesi mama, akasema "ee, naona," akaingia zake ndani.

Tangu hapo nimeshamjibu mara mia. Nimemjibu kwenye daladala, nimemjibu ofisini huku nachapa barua za kumuaga mkuu wetu aliyehamishwa, Jumatano usiku nikamwamsha Baba Neema nikamuuliza hivi ile "nalo" aliisemaje? Akaniambia lala. Lakini nyie fikirieni. Angesema "yai unaliogesha?" hapo ni mtu anauliza. Ila ukiweka "hata" mbele na "nalo" katikati, huyo mtu ana orodha. Maana yake kuna vingine ameniona naviogesha akanyamaza, sijui ni mchicha ninaoulowekea chumvi, sijui ni Neema anayeoga mara mbili, sijui ni ile mifuko ya rambo ninayoifua na kuianika kwenye kamba. Na alikuja kwa mambo ya posa ya wifi jamani, ambayo imeenda salama na mahari yamepangwa, sasa orodha yangu kaianza lini?

Kinachouma zaidi ni kwamba yuko sahihi. Mnakumbuka nilivyowatangazia hapa kwamba mwaka huu sikimbizani tena na bei, mitetea 14 ikitaga sana naweka akiba, ikianza kunyonyoka manyoya nakula akiba yangu kwa raha? Nilikuwa nimeona video ya mama mmoja wa Marekani anazamisha mayai kwenye maji ya chokaa, kama gramu 30 kwa lita, yanakaa miezi na miezi. Nikaosha trei mbili nzima zikatakata kama meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Kufika duka la vifaa vya ujenzi kuuliza chokaa, kijana ananiuliza unapaka vyumba vingapi, ndio nikashtuka kwamba ile ni ya ukuta, haijatengenezwa kukaa na chakula. Nikarudi mikono mitupu, mayai yakabaki stoo hivyo hivyo, mimi nikisema si masafi bwana yatakaa. Wiki ya tatu nikapasulia moja kwenye unga wa maandazi. Viza! Unga kilo nzima nikamwaga. Nikayapima kwenye ndoo ya maji, 22 yakaelea juu kama maboya.

Juzi nimeirudia ile video taratibu. Yule mama anasema kabisa mayai yasioshwe. Mimi nilisikia chokaa tu, la kuosha likanipita. Kumbe ganda lina vitundu vidogo vidogo, na kuku akitaga yai linatoka na utando wake unaoziba vile vitundu, wewe ukija na sabuni yako unauondoa, tena ukitumia maji ya baridi ndio yai linavuta uchafu ndani. Wao huko Marekani mayai ya dukani yanaoshwa kiwandani lakini baada ya hapo ni friji moja kwa moja. Mimi stoo yangu hii ya Kibaha mwezi wa pili, joto lile, friji gani.

Basi Alhamisi umeme ukakatika, tukakaa barazani mimi na mama tunachambua kunde kwa mwanga wa simu. Nilikuwa bado nimenuna kidogo, najibu "ndio mama, hapana mama." Akaanza mwenyewe tu, hakuna aliyemuuliza. Kwao Lushoto alipokuwa mdogo walikuwa hawali mayai. Watoto walikatazwa, wajawazito ndio kabisa, na hata asingekatazwa angelipata wapi, yai lilikuwa chumvi. Unatumwa dukani na yai mkononi, unarudi na chumvi. Siku moja akajikwaa. Lililovunjika alilikusanya kwenye jani la mgomba, na mama yake akamchapa, halafu akalikaanga akampa lote. "Na mchanga wake," akasema. "Nilikuwa natafuna mchanga nalia, na ni tamu."

Nikacheka mpaka kunde zikamwagika. Ile "nalo" yangu niliyoibeba siku mbili, nikaitafuta nigune nayo, sikuiona.

Ijumaa nimeamka nakuta trei stoo zimepangwa upya, mayai yote ncha iko chini, yenye kinyesi yamesuguliwa na kitambaa kikavu na yametengwa ya kula kwanza. Hakusema kitu, na mimi sikusema. Jumamosi namfungashia 20 ya safari kwenye ndoo ndogo yenye pumba, tupo stendi, basi linanguruma, akafunua kifuniko akachungulia. "Haya hujayaogesha?" Nikamwambia mama nenda bwana utaachwa. Wifi akabaki anajifuta machozi ya kucheka.

Sasa hivi saa tano usiku nimerudi ndani. Baba Neema anakohoa tangu Jumatano, anasema ni vumbi la gereji. Vumbi gani linakohoza usiku tu? Kesho akikataa tena kwenda hospitali sijui nimfanyeje.