Seli iliyoganda kwenye 1.25

Jana mwanangu, kikokotoo mkononi, aliniuliza: "Hivi kompyuta inaweza kukosea kujumlisha?" Nikakumbuka usiku ule wa simulesheni.

Tulikuwa tumehamisha mtiririko wetu wa msukosuko, yaani mwendo uliojaa mizunguko mikubwa na midogo tuliouiga kwa kompyuta, kutoka namba za biti 64 (biti ni tarakimu za 0 na 1 ambazo kompyuta huandikia namba) kwenda biti 16. Namba hizo hula robo tu ya kumbukumbu, na programu za aina hii hupoteza muda mwingi zikisubiri data kuliko zikipiga hesabu. Shinikizo lilitukwamisha mapema. La angahewa ni paskali 101325, na biti 16 zinaishia 65504, basi kila seli, yaani kila kijisehemu cha nafasi tuliyoigawanya, ikatoa infiniti, namba isiyo na mwisho. Tukaondoa shinikizo la wastani tukabakiza tofauti, kazi ikaendelea.

Kisha picha ikaanza kutulia. Mizunguko midogo ikalala, nishati ya mwendo ikasimama. Tukafanya ambalo yeyote angelifanya: tukakata nusu hatua ya muda, kile kipande cha muda ambacho simulesheni husonga kila mara. Ikaganda zaidi.

Hapo nikachagua seli moja na kuiagiza programu ichapishe kasi yake kila hatua. 1.25. 1.25. 1.25. Pembeni nikachapisha nyongeza, iliyokokotolewa kwa biti 32: 0.0003, 0.00028, 0.00031. Nyongeza ilikuwepo, nguvu zilikuwa zinasukuma, na seli haisogei. Nilikaa nikiutazama ule mstari kwa muda mrefu, maana jibu lote lilikuwa humo. Namba ya biti 16 ina biti 10 tu za sehemu ndogo, ile inayofuata nukta. Kati ya 1 na 2, kutoka namba moja hadi inayofuata ni 1/1024, yaani karibu 0.00098. Chochote kisichofika nusu ya hapo kinarudishwa kilikotoka. Na kwa kukata hatua ya muda tulikuwa tumezipunguza hata zile nyongeza zilizokuwa zikipenya.

Dawa: kasi ihifadhiwe na kujumlishwa kwa biti 32, biti 16 zibaki kwenye mahesabu ya kati. Kumbukumbu ikibana, mbinu ya mwanahisabati Kahan hubeba masalio kwenye namba ya pili hadi yatoshe kuhesabika. Au ukadiriaji wa bahati nasibu: 0.0003 hupandishwa hadi namba inayofuata takriban mara 3 kati ya 10, na kwa wastani hakuna kinachopotea.

Nishati ikarudi kulingana na ya biti 64. Mizunguko haikurudi mahali pale pale. Najua msukosuko ndivyo ulivyo. Mwaka 1961 mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz aliingiza kwenye kompyuta 0.506 badala ya 0.506127, na hali ya hewa aliyokuwa akiiiga ikashika njia nyingine kabisa. Hata hivyo niliziweka picha mbili kando kwa kando, na sikuweza kusema ni ipi ya kweli.

Nilipomweleza mwanangu, alibonyeza 1.25 jumlisha 0.0003. Ikatoka 1.2503.

"Mbona hiki kimepata?"